Mashine Iliyoikataa Namba ya Waziri

Nchi ninayoisimulia ipo. Nalisema hilo mapema kwa sababu kule, kusema kwamba kitu hakipo ni kosa la jinai, na mimi sipendi kuanza hadithi kwa kuvunja sheria za watu.

Mkuu wa nchi hiyo, ambaye cheo chake kamili ni Mlezi Mkuu wa Taifa na Vilivyomo, aliomba siku moja aletewe takwimu. Mtakwimu aliyeletwa alikuwa msomi hodari, ila hakuwa amekaa serikalini muda wa kutosha kuijua kazi. Akasimama mbele ya baraza la mawaziri, akasoma: "Hospitali mpya zilizojengwa mwaka huu, Mheshimiwa, ni sifuri."

"Sifuri ni nini?" Mlezi Mkuu akauliza.

"Ni alama ya kitu ambacho hakipo, Mheshimiwa."

"Katika nchi yangu," akasema Mlezi Mkuu, na waandishi wa habari wakainama kuandika, "hakuna kitu ambacho hakipo."

Makofi yalipigwa hadi chakula kikapoa. Kesho yake ikapitishwa Sheria ya Kulinda Uwepo, na sifuri ikapigwa marufuku shuleni, sokoni na maofisini. Mtakwimu mwenyewe tunaambiwa yupo.

Hatukuchelewa kuzoea, sisi tuliokuwa tunaishi huko. Penye sifuri tukaandika herufi O, ambayo kwa mujibu wa sheria ni mshangao wa mwananchi anapoona maendeleo. Namba zetu zote za simu zikaanza kwa mshangao. Timu ya taifa ilipochapwa mabao sita bila majibu, mtangazaji alisoma matokeo kwa sauti ya furaha: "Wageni sita, sisi tunajipanga." Kila ofisi ikapewa Afisa Uwepo, mtu mwenye kitambulisho na koleo, akang'oa kitufe cha sifuri kwenye kila kibodi. Palibaki tundu. Tulielekezwa tuliite nafasi ya kukua.

Sasa Rehani Mkumbwa alikuwa fundi wa kompyuta katika Hospitali Kuu ya nchi hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuomba radhi kompyuta kabla ya kuifungua. Hakuwa na ugomvi na serikali. Alikuwa na mama tu.

Mama yake, Mama Siwatu, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Nusu ya mji ilikuwa imevaa kaptula zake, na hata mawaziri wawili watatu walizikalia utotoni. Lakini figo zake zilikuwa zimechoka. Uso ulivimba asubuhi, miguu ikavimba jioni, na pumzi ikawa fupi hata kwa kukanyaga cherehani. Zamani wagonjwa wa aina yake walivuka mpaka kwenda kusafishwa damu nchi jirani, ila mpaka ulikuwa umefungwa kwa wagonjwa, kwani mtu anayekwenda kutafuta kitu nje anatangaza kwamba ndani hakipo. Daktari alimpimia maji ya kunywa kwa kikombe cha kahawa, asipitishe hapo, maana mwili wake haukuwa na njia ya kuyatoa.

"Mwanangu," alimwambia Rehani, "wenzangu wanaota majumba. Mimi naota mtungi."

Ndipo nchi moja ya ng'ambo ikatoa msaada wa mashine ya kusafisha damu. Ilikuja kwenye sanduku refu, nyeupe, na kompyuta yake kifuani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi yenye namba ya leseni, mchanganyiko mrefu wa herufi na tarakimu ambao bila kuuingiza programu ya mashine haianzi. Wafadhili walisisitiza kadi hiyo itunzwe. Wizara ikaitunza kwa kuipeleka kwanza Kitengo cha Usafi wa Nyaraka, ambako sifuri zake zote zilibadilishwa kuwa O, na kadi yenyewe ikachomwa moto kama sheria inavyotaka. Kilichoifikia hospitali ni namba iliyosafishwa, imeandikwa kwa wino wa dhahabu na kutiwa fremu.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri wa Afya na Shangwe, Mheshimiwa Lubango Sengeka. Kulikuwa na bendi, mahema na keki yenye umbo la figo. Mama Siwatu alikalishwa mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa ndiye angekuwa mgonjwa wa kwanza.

"Ndugu wananchi," akasema Waziri, "wapo waliosema mashine hii haitakuja. Imekuja! Wapo waliosema ikija haitasimama. Tazameni, imesimama! Figo ni kiungo cha wananchi, na serikali ipo pamoja na kila figo!"

Kisha akakaa mbele ya kibodi na kuanza kuchapa namba kwa kidole kimoja, huku msaidizi wake akimsomea kutoka kwenye fremu. Alipomaliza, kioo kikawa chekundu: "Namba uliyoingiza si sahihi. Zimebaki nafasi nne."

Bendi ikapiga. Waziri akafuta jasho, akachapa tena. Nafasi tatu. Akachapa mara nyingine kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Nafasi mbili.

"Mashine imesikia," Waziri akatangaza, akasimama. "Sasa ipewe muda wa kutafakari." Akakata utepe, akakata keki, akaondoka. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba mashine ilimjibu Waziri mara tatu mfululizo.

Mama Siwatu alirudishwa wodini. Hakula keki, ilikuwa na chumvi.

Rehani akabaki na mashine. Akakagua kebo zote, akarekebisha tarehe ya kompyuta iliyokuwa nyuma kwa miaka, akasoma maelekezo mwanzo mpaka mwisho, na yakamwambia kwamba nafasi zikiisha mashine hujifunga yenyewe, na wa kuifungua ni mtu wa kiwandani peke yake. Akaangalia kibodi na kuona taa ya herufi kubwa haikuwaka. Pengine kosa lilikuwa hapo tu. Akaiwasha, akaomba radhi, akachapa namba ya fremu herufi moja moja.

Nyekundu. Nafasi moja.

Alikaa chini sakafuni. Mganga mkuu wa hospitali, Dokta Makunda, alimkuta hapo.

"Umejaribu?"

"Nimejaribu, Daktari. Sasa naogopa hata kuigusa."

"Mama yako nimetoka kumwona," akasema Dokta Makunda. "Maji yameanza kupanda mapafuni. Rehani, sina muda wa kukuficha. Piga simu kiwandani."

Simu ya ng'ambo ilipigwa ofisini kwa Daktari, kwa sauti ya wazi, mbele ya Afisa Uwepo wa hospitali, Bwana Kijoti. Huyu alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mpenda chai, na koleo lake alilitunza mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotunza kalamu. Alikaa pembeni na kikombe chake kusikiliza kama kila kitu kipo.

Upande wa pili akapokea mwanamke aliyezungumza Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Tafadhali nisomee namba uliyo nayo," akasema. Rehani akamsomea. "Bwana, hapo uliposema O, una hakika ni O? Huenda baadhi yake ni..."

Hapo ukapigwa wimbo wa taifa.

Inabidi nieleze. Mitambo ya simu ya nchi ile ilifungwa kifaa kinachotambua lile neno lililopigwa marufuku, kwa lugha yoyote, na kulifunika kwa ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Nao ukipigwa, raia husimama wima. Rehani, Dokta Makunda na Bwana Kijoti wakasimama, mikono ubavuni, mpaka ulipokwisha.

"Samahani," akasema yule mama wa kiwandani, "kuna muziki kwenye laini yenu. Nilikuwa nasema, kwa upande wenu ninyi mna..." Wimbo. Wakasimama.

"Sisi hatuna, bibi," Rehani akajibu ulipokwisha.

"Hamna namba?"

"Namba tunazo. Hatuna hiyo unayoitaja."

"Basi nitawatumia namba nzima kwa baruapepe."

Akaituma. Ikapitia Kitengo cha Usafi wa Nyaraka, ikafika imesafishwa. Rehani aliitazama kwenye kompyuta ya Daktari, O zote zimeduara, zinamshangaa. Alikuwa karibu kukata simu, mkono uko hewani, alipobaki ameduwaa.

"Bibi," akasema polepole, "naomba unisomee wewe. Kwa sauti. Herufi moja moja, na usiruke hata moja."

"Te," akaanza yule mama. "Nne. Ka." Kisha wimbo. Wakasimama wote, wakakaa. "Em. O, kama Omari. Saba." Wimbo. Wakasimama.

Rehani alikuwa anaandika kiganjani. Penye Omari aliandika O. Penye wimbo wa taifa aliandika O na kuitia nukta katikati. Dokta Makunda alimwona, akaelewa, akageuza uso haraka kuelekea kabatini. Bwana Kijoti hakuona kitu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Watu wa ng'ambo," akasema, "wameanza kutuheshimu. Kila baada ya maneno mawili, wimbo wetu!"

Namba ilipoisha magoti yaliwauma wote watatu. Bwana Kijoti akasema baada ya heshima kubwa namna ile hana budi kupata chai mpya, akateremka kantini.

Rehani na Dokta Makunda wakaenda chumba cha mashine. Pale kwenye kibodi, baada ya tisa, palikuwa na ile nafasi ya kukua.

"Daktari, nitahitaji kitu chembamba. Nataka kubonyeza... ile."

"Sijasikia ulichosema," akasema Dokta Makunda. Akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka juu ya meza, akaenda kusimama dirishani kutazama maegesho ya magari kwa bidii sana.

Rehani akachukua njiti. Alichapa herufi, akafika kwenye nukta ya kwanza, akachomeka njiti tunduni na kusukuma kile kiraka cha mpira kilichobaki chini. Kwenye kioo ikatokea sifuri. Alikuwa hajaiona kwa miaka mingi; alishangaa ilivyo ndogo. Akaendelea mpaka mwisho wa kiganja. Akafumba macho, akabonyeza.

Alipofumbua, kioo kilikuwa kijani. "Namba imekubaliwa. Usizime mashine mpaka huduma ya kwanza ikamilike. Wagonjwa waliohudumiwa: 0."

Dokta Makunda alimkumbatia, kisha akakumbuka cheo chake, akamwachia. "Mleteni Mama Siwatu," akamwita muuguzi. "Sasa hivi!"

Muuguzi, Sista Velonika, alimlaza mama, akamchoma sindano, akaunganisha mirija. Mashine ikanguruma taratibu. Damu ikatoka mkononi mwa Mama Siwatu, ikapita kwenye mashine, ikarudi. Rehani alishika mguu wa mama yake uliovimba, maana mikono ya mama ilikuwa na shughuli.

"Unajisikiaje, mama?"

"Kama nguo inayofuliwa," akasema Mama Siwatu. "Usicheke. Itachukua muda gani?"

"Saa nne, mama."

"Basi saa nne zikiisha nataka bilauri nzima. Siyo kikombe cha kahawa. Bilauri, na uijaze mpaka imwagike."

"Nitakuletea."

Saa ya kwanza haikuwa imeisha Bwana Kijoti alipoingia na chai yake. Alifurahi kuona mashine inafanya kazi. Alimpongeza Rehani, akamsalimu mama. Kisha akasogea kwenye kioo, na furaha ikaganda usoni.

"Rehani. Hiyo ni nini?"

"Ni herufi O, afande."

"O haikondi hivyo." Akavaa miwani. "O ni nene. Mimi naifahamu hiyo nyembamba. Nimeing'oa maisha yangu yote."

"Afande," Dokta Makunda akaingilia, "huyu mama akimaliza, hiyo itageuka yenyewe kuwa moja. Ni saa chache tu. Kaa hapa na chai yako."

Bwana Kijoti akamtazama Mama Siwatu. Kwa kweli alimtazama kwa muda. Mama Siwatu naye akamtazama.

"Kaptula yako ya darasa la tatu niliishona mimi," akamwambia. "Ulikuwa hutulii kupimwa."

"Nakukumbuka, mama, shikamoo," akasema Bwana Kijoti, na sauti ilikuwa ya mtoto. Akakaa kitini. Akanywa chai kidogo. Akasimama. "Lakini nisiporipoti na ikagundulika, watasema na mimi sipo." Akatoka kupiga simu, na tulisimuliwa baadaye kwamba aliripoti kwa maneno laini kabisa.

Waziri alifika upesi kuliko gari la wagonjwa lilivyowahi kufika popote. Alikuja na wapiga picha na nusu ya bendi, nusu nyingine ilikuwa msibani. Akaingia chumbani, akatazama mashine inayonguruma, akatazama kioo.

"Nani ameianzisha?"

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Rehani.

"Kwa namba ipi?"

Rehani akakunja kiganja. "Ile ile, Mheshimiwa."

"Haiwezekani. Ile ile niliitia mimi." Waziri akageukia wapiga picha, kisha akamgeukia tena Rehani, sauti imeshuka. "Fundi, kijana wangu, nchi haiendeshwi hivi. Mashine ya taifa haiwezi kumkataa Waziri ikamkubali fundi. Halafu imetoa uchafu huo kiooni mbele ya mgonjwa! Izimwe. Nitaianzisha upya, safi, kwa namba ya serikali, watu wapige picha."

"Mheshimiwa, imeandikwa isizimwe." Rehani alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Nafasi imebaki moja. Na mama yangu yumo kwenye mashine."

"Naye atapigwa picha," akasema Waziri kwa upole.

Dokta Makunda alifungua mdomo. Wengi wamemlaumu kwa kuufunga tena, lakini wengi hao hawakuwemo chumbani. Sista Velonika peke yake ndiye aliyefanya jambo: aliona mkono wa Waziri unakwenda kwenye swichi, akaruka, akaanza kuirudisha damu ya Mama Siwatu kwa kuzungusha kipini cha mkono, huku akilia na kutukana kwa lugha ya kwao ambayo Waziri hakuielewa. Damu karibu yote ilirudi.

Mashine ilizimwa. Ikawashwa. Ikaomba namba.

Waziri alichapa kwa kidole kimoja, O nene zote, msaidizi akisoma kutoka kwenye fremu. Alipofika mwisho alitabasamu kwa kamera, akabonyeza bila kutazama kioo. Picha hiyo mmeiona, iko kwenye kalenda ya wizara.

Kioo kilisema: "Namba si sahihi. Mashine imefungwa. Wasiliana na kiwanda."

Waziri akageuka, akasoma kwa sauti ya juu lile neno alilolipenda. "Mashine imefungwa!" Bendi ikapiga. Na kwa kuwa katika lugha yetu mashine ikiwekwa mahali pake tayari kwa kazi tunasema imefungwa, hakukuwa na uongo wowote kwenye magazeti ya kesho yake: MASHINE YA FIGO YAFUNGWA RASMI.

Dokta Makunda aliomba mtu wa kiwandani aruhusiwe kuingia nchini. Alijibiwa kwa adabu kwamba mgeni hawezi kupewa kibali cha kuja kutengeneza mashine ambayo serikali imethibitisha kuwa imefungwa. Rehani alikwenda wizarani mwenyewe, akakalishwa kwenye benchi, akapewa kalenda. Alikwenda tena, akaambiwa kalenda ni moja kwa kila familia. Alijaribu kumpeleka mama yake mpakani kwa gari la kukodi. Askari wa mpakani alikuwa na huruma, alimnunulia Mama Siwatu soda, akawarudisha.

Walipofika nyumbani Mama Siwatu aliomba maji. Rehani akajaza bilauri mpaka ikamwagika. Alikunywa yote kwa mapumziko mengi, akasema yalikuwa matamu, akaomba alazwe upande wa cherehani. Alikufa siku mbili tatu baadaye, asubuhi, wakati watoto wanapita kwenda shule.

Mazishi yalikwenda kwa utaratibu. Waziri alituma shada la maua na salamu zilizosema kwamba marehemu ni miongoni mwa walionufaika na mashine. Rehani hakukamatwa. Kumkamata kungehitaji kueleza alichobonyeza, na hakuna hati ya mashtaka ambayo ingeweza kukiandika.

Aliacha kazi hospitalini, akawa anatengeneza redio na pasi barazani kwake. Alasiri moja alimwona Bwana Kijoti anakuja taratibu, anapumua kwa mdomo. Hakuwa na koleo. Akasalimia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama pasi iliyofunguliwa.

"Umeleta nini, afande?" Rehani akauliza.

Bwana Kijoti akainama kwa shida, akavua viatu, akavua soksi. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba, na soksi zilikuwa zimeacha alama ndefu kwenye nyama. Akabonyeza kidole juu ya kifundo. Palibonyea, pakakaa hivyo hivyo.

"Daktari anasema ni figo," akasema. "Nimekuja kwako kwa kuwa ile namba unaijua wewe. Rehani, ndugu yangu, hakuna njia yoyote?"

Rehani akaiangalia ile miguu. Nadhani alitafuta kwanza hasira, maana alikuwa na haki nayo, na hakuiona mahali alipoiweka.

"Hakuna," akasema.

Neno lile lilikuwa la faini, na Bwana Kijoti sasa ndiye aliyekuwa mwandishi wa faini za mtaa ule. Hakuandika. Alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa nyumba ya mbali. Akashukuru. Akavaa kiatu cha kulia, kikaingia kwa kusukumwa. Cha kushoto kilikataa. Rehani akapiga goti akamsaidia, wakajaribu pamoja kwa kulegeza kamba, kwa kukunja ulimi wa kiatu, kwa mafuta kidogo ya cherehani, na kiatu hakikuingia. Mwishowe Bwana Kijoti akakishika mkononi, akaaga, akaondoka nacho.